Upinde wa kapi: Namna ya kuuchagua, kuuvuta na kuutumia mawindoni

MWINDAJI anayeingia duka la pinde nchini Marekani kwa mara ya kwanza huvutiwa na mambo mawili: upinde wenye nguvu kuliko zote zilizotundikwa ukutani, na ule unaosifiwa kwa kurusha mshale kwa kasi zaidi. Muuzaji mwaminifu humwondoa kwenye mawazo hayo mapema na kumwambia asimame, anyooshe mikono, apimwe.

Ushauri huo unatokana na jinsi mshale unavyofanya kazi. Mshale wa kuwindia wenye uzito wa gramu 26, unaoruka kwa mita 82 kwa sekunde, hubeba nishati ya takriban jouli 87. Risasi ya bunduki ya kawaida ya kuwindia kulungu, mathalani ya aina ya .30-06, hutoka mtutuni ikiwa na zaidi ya jouli 3,500.

Mshale, kwa hivyo, hauui kwa kishindo. Unaua kwa kukata mishipa na mapafu, na usipofika mahali hasa panapostahili, mnyama hukimbia na jeraha na kufia kichakani baada ya saa nyingi za mateso. Upinde usiolingana na mwili wa anayeutumia ndio chanzo kimojawapo kikuu cha majeraha ya aina hiyo.

Asili ya upinde huu

Upinde wa kompaundi, ambao hapa utaitwa upinde wa kapi, ulibuniwa na Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani. Aliomba hataza mwaka wa 1966 na kuipata Desemba 1969. Tom Jennings, fundi wa pinde wa California, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuutengeneza kwa ajili ya soko.

Wakati huo uwindaji wa upinde ulikuwa tayari umekubalika kisheria nchini humo. Jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde mnamo 1934, na majimbo mengine yakafuata. Upinde wa Allen uliwafungulia mlango watu ambao hawakuwa na misuli wala miaka ya mazoezi ambayo upinde wa jadi hudai.

Ufundi wake ni huu. Kwenye ncha za mabawa mawili ya upinde hufungwa kapi ambazo ekseli zake haziko katikati. Ugwe unapovutwa kapi huzunguka, na mvutaji hukutana na uzito wote mapema. Anapokaribia mwisho, kapi hugeuka upande unaompa nafuu, na uzito anaoushikilia hupungua ghafla.

Nafuu hiyo hupimwa kwa asilimia. Upinde wa ratili 60 (kilo 27) wenye nafuu ya asilimia 80 humwachia mvutaji ratili 12 tu, yaani kilo tano na ushei, anapokuwa ameuvuta hadi mwisho. Anaweza kutulia, kulenga na kumsubiri mnyama ageuke, jambo ambalo mwenye upinde wa kawaida wa ratili 60 halimudu kwa zaidi ya sekunde chache.

Urefu wa mvuto

Kipimo cha kwanza kinachotakiwa kujulikana ni urefu wa mvuto, yaani, kwa makadirio, umbali kutoka mpini hadi kwenye ugwe uliovutwa hadi mahali ambapo kapi husimama. Upinde wa jadi huvutwa kadiri ya mkono wa mtu. Upinde wa kapi una kikomo chake, na kikomo hicho sharti kilingane na mwili wa mwenye kuutumia.

Njia ya haraka ya kukadiria ni kusimama wima, kunyoosha mikono yote miwili pembeni bila kujilazimisha, kupima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile cha mkono wa pili, kisha kugawanya idadi ya inchi kwa 2.5. Mtu mwenye inchi 70 (sentimita 178) hupata mvuto wa inchi 28.

Hesabu hiyo ni mwanzo tu. Fundi humtazama mtu akiwa amevuta na kurekebisha nusu inchi huku na huku. Mvuto ukiwa mrefu kupita kiasi, kichwa huinama nyuma, mkono wa mbele hufungika kwenye kiwiko na ugwe humchapa mtu kwenye kigasha. Ukiwa mfupi mno, mabega hujikunja na nguvu hupotea bure.

Wanaoanza wengi hukosea kwa kuchagua mvuto mrefu, kwa sababu kila inchi huongeza kasi ya mshale kwa takriban futi 10 kwa sekunde. Kasi inayotangazwa na viwanda nayo hupimwa, kwa kawaida, kwa mvuto wa inchi 30, uzito wa ratili 70 na mshale mwepesi wa gramu 22.7. Mtu wa inchi 28 anayevuta ratili 60 hawezi kuipata kasi hiyo, wala haihitaji.

Uzito wa mvuto

Kipimo cha pili ni uzito wa mvuto, na hapa ndipo majivuno huwaponza wengi. Majimbo mengi ya Marekani huweka kiwango cha chini cha kuwindia kulungu, aghalabu kati ya ratili 30 na 40. Kwa kulungu mwenye mkia mweupe, anayewindwa zaidi nchini humo, upinde wa ratili 45 hadi 60 unatosha kabisa ukiwa na mshale unaofaa.

Jaribio ni rahisi. Mtu huketi kitini, hunyoosha upinde moja kwa moja kuelekea shabaha, kisha huvuta taratibu bila kuuinua juu wala kuushusha. Akilazimika kuelekeza mshale mawinguni ndipo aweze kuvuta, uzito huo umemshinda na unapaswa kupunguzwa.

Sababu ya kutaka ulaini huo ni hali ya mawindoni. Mwezi wa Novemba katika majimbo ya kaskazini, mwindaji huwa ameketi juu ya mti kwa saa kadhaa penye baridi kali, misuli ikiwa imekakamaa. Kulungu anapotokea hatua 20 kutoka hapo, harakati yoyote ya ziada humshtua. Uzito uliovutika kirahisi dukani huweza kukataa katu asubuhi hiyo.

Pinde nyingi za kisasa hurekebishwa kwa bolti zilizo kwenye mabawa, na mara nyingi uzito hushuka kwa ratili 10 au zaidi. Mwanafunzi anaweza kuanza chini na kupanda kadiri misuli ya mgongo inavyozoea.

Jicho, umbo na hali ya upinde

Swali la mkono wa kulia au wa kushoto huamuliwa vyema na jicho. Kila mtu ana jicho moja linalotawala. Ili kulijua, hunyoosha mikono, hutengeneza kitundu kidogo kati ya viganja na kukitazamia kitu cha mbali akiwa amefungua macho yote mawili. Kisha hufunga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho kitunduni ndilo linalotawala, na inafaa achague upinde unaomwezesha kulengea jicho hilo.

Urefu wa upinde kutoka ekseli hadi ekseli pia huzingatiwa. Pinde fupi, kama za inchi 28 hadi 30, hupenya vichakani na hazisumbui ulingoni. Zile ndefu zaidi hutulia vizuri mkononi na husamehe makosa madogo. Vilevile, nafasi kati ya mpini na ugwe ikiwa ndogo mshale huenda kasi zaidi, lakini kosa la mkono huonekana zaidi kwenye shabaha.

Anayenunua upinde uliokwisha kutumika hana budi kukagua ugwe na kamba zake kama zimeanza kufumuka, na kapi kama zimepinda. Mabawa hukaguliwa kwa kipande cha pamba: hupitishwa taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyuzi zake zikinasa mahali, huenda pana ufa. Upinde wenye bawa lililopasuka haufai kuvutwa hata mara moja.

Mshale na kigumba

Mshale si nyongeza tu ya upinde. Uti wake una kiwango cha ugumu kinachopaswa kulingana na uzito wa mvuto, urefu wa mshale na uzito wa kigumba. Uti laini mno kwa upinde mkali hupinda kupita kiasi unapofyatuliwa na kwenda mrama. Kila kiwanda cha mishale hutoa jedwali la kuoanisha vipimo hivyo, na jedwali hilo lifuatwe.

Uzito wa mshale una mpaka wa chini. Kanuni inayotumiwa na viwanda vingi ni greni 5, yaani takriban theluthi moja ya gramu, kwa kila ratili ya mvuto. Upinde wa ratili 60 hauruhusiwi mshale ulio chini ya gramu 19.5. Kwa mawindo, mshale mzito zaidi, wa gramu 26 hadi 30, hupenya vizuri na hupunguza kelele za upinde.

Hatari kubwa zaidi ni kufyatua upinde bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hubaki kwenye mabawa, kapi na ugwe, na upinde unaweza kusambaratika mikononi mwa mtu. Ndiyo maana upinde haukabidhiwi mtoto au mgeni auvute kwa kujifurahisha.

Uti wa kaboni nao hukunjwa kidogo kwa mikono na kuchunguzwa kabla ya kila mazoezi. Ukisikika kulia au ukionekana kuwa na ufa, hutupwa, kwani unaweza kupasuka unapofyatuliwa na vijiti vyake kuuchoma mkono unaoshika mpini.

Vigumba vya mawindo ni vya namna mbili. Kuna vyenye wembe usiosogea, na kuna vile ambavyo wembe wake hufunguka unapogonga mnyama. Vya kwanza ni imara na hupenya vyema kwenye pinde nyepesi. Vya pili huruka karibu sawa na ncha za mazoezi, ila hutumia sehemu ya nguvu kujifungua. Kwa vyovyote, wembe uwe mkali kama wa kunyolea, na ujaribiwe kwenye shabaha kabla ya msimu.

Namna ya kupiga

Mpigaji husimama ubavu kwa shabaha, miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Mkono wa mbele haukamati mpini kama mtu akamatavyo jembe. Mpini hukaa kwenye kitako cha kidole gumba, vidole vingine vikiwa vimelegea, ili mkono usiupotoshe upinde.

Mvuto hutoka kwenye misuli ya mgongo, kati ya mbavu na bega, wala si kwenye mkono pekee. Wengi hutumia kifyatuzi, kifaa kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono au kushikwa kiganjani, ambacho hushika ugwe na kuuachilia kinapobonyezwa.

Baada ya kuvuta, mkono wa nyuma hutua mahali pale pale kila mara, kwa kawaida chini ya taya. Ugwe hugusa ncha ya pua, na jicho hutazama kupitia kitundu kidogo kilichofumwa kwenye ugwe hadi kwenye kitone cha kilengeo kilichowekwa kwa umbali husika.

Kifyatuzi hubonyezwa polepole, huku mgongo ukiendelea kuvuta, hadi mshale utoke bila kutarajiwa. Anayekipiga kwa pupa mara kitone kinapogusa shabaha hujenga mazoea mabaya ambayo huwatesa hata wapigaji mahiri kwa miaka. Tiba yake ni kurudi hatua tatu au nne kutoka kwenye shabaha kubwa isiyo na alama na kujifunza upya kuachilia.

Mshale ukishaondoka, upinde unabaki umeinuliwa hadi mshale ugonge. Mwenye kuushusha haraka ili atazame alikopiga huanza kuushusha kabla mshale haujatoka.

Umbali anaoumudu mtu

Kila mwindaji ana mpaka wake, na ni yeye anayepaswa kuujua. Moyo na mapafu ya kulungu huchukua eneo lenye upana wa takriban inchi 8 hadi 10. Umbali ambao mtu anaweza kutia kila mshale ndani ya duara la inchi 8 (sentimita 20), akiwa amevaa mavazi yake ya mawindoni na ameketi kama atakavyoketi huko, ndio mpaka wake.

Kipimo cha haki zaidi ni mshale wa kwanza wa siku. Baada ya mishale 20 mwili hupata moto na karibu kila mtu hulenga vizuri, lakini mawindoni hakuna mishale 19 ya kujizoeza. Kwa wengi mpaka huangukia kati ya yadi 20 na 30, hata kama mazoezini hupiga yadi 60.

Kasi ya mshale haibadilishi ukweli huo. Katika yadi 30, ambazo ni mita 27 na nusu, mshale wa mita 82 kwa sekunde huchukua theluthi ya sekunde kufika. Sauti ya ugwe hufika mapema zaidi, na kulungu aliye macho huwa na takriban robo ya sekunde ya kujikunja ili aruke. Mshale uliolengwa mapafuni humpata mgongoni au humkosa.

Wakati wa kuachilia

Nafasi nzuri ni mbili: mnyama akiwa amesimama ubavu, au akiwa ametazama mbele kwa pembe ya kumwacha mwindaji nyuma yake kidogo. Katika nafasi ya kwanza shabaha ni nyuma tu ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Katika ya pili, mshale huelekezwa ili utokee karibu na bega la upande wa pili.

Mnyama anayetazamana na mwindaji, anayekimbia, au aliyefichwa na matawi hapigwi. Mshale unaogusa kijiti kidogo huacha njia.

Baada ya kupiga, mwindaji hukumbuka mahali alipokuwa mnyama na upande aliokimbilia, kisha husubiri. Damu nyekundu yenye mapovu ni dalili ya mapafu, na nusu saa ya kusubiri hutosha. Damu nyeusi huashiria ini, na inahitaji muda wa saa nne au zaidi. Mshale wenye uchafu wa kijani na harufu ni dalili ya tumbo, na hapo husubiriwa hata zaidi, kwani mnyama anayefukuzwa mapema huinuka na kupotea kabisa.

Usalama wa mwindaji mwenyewe

Ulingo wa mtini umeua na kulemaza wawindaji wengi Marekani, na kuanguka kutoka humo ni miongoni mwa sababu kuu za ajali za uwindaji. Mkanda wa usalama wa mwili mzima huvaliwa tangu mguu unapoondoka ardhini hadi unaporudi. Upinde na mishale hupandishwa baadaye kwa kamba, vigumba vikiwa ndani ya podo lenye kifuniko.

Sheria na msomaji wa Kenya

Uhalali wa haya yote hutegemea nchi. Uingereza hairuhusu kulungu kupigwa kwa mshale. Marekani, Afrika Kusini na Namibia huruhusu kwa vibali na masharti. Nchini Marekani ushuru wa asilimia 11 hutozwa kwenye pinde na vifaa vyake, chini ya sheria ya mwaka wa 1937 iliyopanuliwa katika miaka ya 1970 ili kujumuisha pinde, na fedha hizo hurudi kwenye uhifadhi wa wanyamapori na mafunzo ya wawindaji.

Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaharamisha uwindaji wa burudani na ule wa kitoweo pia. Mkenya anayeishi ughaibuni anaweza kuwinda kwa kibali cha huko aliko. Aliye nyumbani hana ruhusa hiyo, awe na upinde wa aina yoyote.

Hata hivyo, upinde si mgeni nchini. Waata wa nyika za Tsavo na Galana, walioitwa pia Waliangulu, waliwinda ndovu kwa pinde ndefu zisizo na kapi, baadhi zikihitaji zaidi ya ratili 100 kuvutwa. Mishale yao ilipakwa sumu ya mti ambao Wakamba huuita kivai na Wamaasai olmorijoi, na sumu hiyo ndiyo iliyosimamisha moyo wa mnyama. Mwindaji wa upinde wa kapi hana sumu. Ana wembe tu, na kwa sababu hiyo kosa lake la sentimita chache humgharimu mnyama zaidi.

Kwa anayevutiwa na chombo chenyewe, shabaha ya karatasi ipo. Katika mashindano ya kimataifa uzito wa upinde wa kapi hauzidi ratili 60. Upinde huo tayari umo katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, na mchezo wa timu mseto wa upinde wa kapi umeidhinishwa kwa Olimpiki ya Los Angeles ya 2028.

Katika Michezo ya Walemavu ya Paris 2024, Mmarekani Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono, alishinda dhahabu kwa upinde wa kapi. Huushika upinde kwa mguu na kuufyatua kwa kifaa kilichofungwa begani. Upinde wake ulitayarishwa kufuata mwili wake, na hilo ndilo agizo la kwanza kwa kila anayeingia duka la pinde: apimwe kwanza, bei na kasi zizungumzwe baadaye.